Mtoto wa Kutangulizwa

Hapo zamani, na nyie mnaonong'ona huko nyuma nyamazeni kwanza, palikuwa na mji wenye desturi yake. Watu wakichoshwa na jumbe wao, waliandamana hadi uani kwake, na mbele wakamtanguliza mtoto. Mtoto ndiye aliyesema. Askari hawamgusi, jumbe hamfokei, wala hakuna anayemjibu. Ilikuwa desturi nzuri, maana iliokoa migongo mingi na viboko.

Basi Bi Somoe, mlinzi wa kisima, akakuta maji yananuka vibaya. Akamwomba jumbe akifunge mpaka maji yale yatolewe yote. Jumbe akafunga, lakini kuwaeleza watu, thubutu! "Niwaeleze, wao nani?" Watu wakachoka kwenda kuchota maji mto wa mbali. Wakaandamana.

Aliyetangulizwa ni Mashavu, binti ya Kibwana seremala. Baba yake alimfundisha la kusema: "Jumbe, tufungulie kisima!" Akasema. Vigelegele! Akasema tena, vigelegele tena. Utamu ukamkolea, akaongeza na yake aliyoyasikia jikoni kwa wanawake: "Bi Somoe kahongwa! Ndiye anayetunyima maji!"

Lahaula! Na Bi Somoe yuko palepale.

"Sivyo, mwanangu. Maji yale..."

"Bi Somoe!" Kibwana akamkatiza. "Huoni haya? Mtu mzima mzima unabishana na mtoto?"

Watu wakamzomea. Bi Somoe akajitanda kanga yake, akaenda zake. Alijua maji ni mabaya. Alijua, na bado akaenda zake. Jumbe naye akaogopa zile kelele, akafungua kisima.

Watu wakanywa, harufu wasiijali kwa furaha ya kushinda. Wengi waliugua wakapona. Mdogo wake Mashavu, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, yeye hakupona.

Matangani, Kibwana alilia mpaka sauti ikamkauka. "Nilimtanguliza mwanangu ili tusipigwe. Haya mengine ningeyajuaje?" Jumbe alituma sanda, mwenyewe hakutokea. Wale wanawake wa jikoni walipika, hakuna aliyemtazama mwenziwe.

Bi Somoe alikaa jamvini, chakula kikamshinda. Alijiambia alinyamaza kwa kumhurumia mtoto. Halafu akajikana mwenyewe: huruma gani? Aliogopa kuzomewa, basi. Laiti angepiga kelele siku ile, wakamzomea mpaka wakachoka!

Mashavu akaja akakaa karibu naye.

"Bibi, ulijua maji ni mabaya?"

"Nilijua, mjukuu wangu."

"Na mimi nikasema uongo, na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Sasa mbona hukunigombeza?"

Bi Somoe akamkumbatia tu, wakalia wote wawili.

Haya, nyie wenye midomo, semeni. Mtoto aliyesimamishwa mbele aseme ya wakubwa, je, alistahili kujibiwa kama mkubwa? Na kama hakustahili, kaburi lile dogo tumdai nani?