Unga wa Nguvu wa Kalimanzira

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na magulio yao, walikutana gulioni Mtimkavu. Walikuwapo Nyati, jina lake Masunga, kiongozi wa kundi. Kiboko, jina lake Tambwe. Ngiri, jina lake Lugendo. Digidigi, jina lake Nyamizi, jirani wa Masunga. Na Nguchiro, jina lake Kalimanzira, mwenye vibuyu vya unga.

"Unga wa nguvu! Mizizi mitupu, haina madhara! Mzee anakula leo, kesho anaruka kama ndama!"

Masunga alisogea. Magoti yalikuwa yamemlegea, na kundi lilikwisha kunong'ona kwamba atafutwe kiongozi mwingine.

"Onja kwanza," alisema. Ndiyo desturi ya gulio lile: mwuza dawa huonja mbele ya mnunuzi.

Kalimanzira alichovya kidole, akalamba, nyam! "Tamu, babu!"

Masunga akanunua, akala. Moyo ukamwenda du! du! du!

"Naam! Nguvu hiyo!" akacheka.

Nyamizi hakucheka. Siku zilizofuata alimwona jirani yake akitetemeka, halali, majani hayagusi. Gulio la pili Masunga hakuweza kutoka. Alimtuma Tambwe amnunulie kibuyu kingine. Nyamizi akaja pia, akasimama karibu, macho kwenye mkono wa mwuzaji.

Lo! Kilichochovywa ni kidole cha shahada. Kilicholambwa ni cha kati.

"Usinunue, shemeji Tambwe!"

"Kadogo kama wewe, utajua nini habari za nguvu?"

Nyamizi akamgeukia Nguchiro kwa upole.

"Kaka Kalimanzira, mimi nachukua vibuyu vitatu. Ila vidole vyako vina vumbi. Onja kwa kijiko changu hiki, nimekipaka asali."

"Asali! Kalambe, we!" wakashangilia wote.

Kalimanzira akakitazama kijiko. "Nisameheni, jamani. Leo nimefunga."

"Umefunga?" akauliza Lugendo. "Na kidole ulichokilamba sasa hivi?"

Kibuyu kikaanguka, puu! Nguchiro huyoo, akatokomea kwenye shimo la kichuguu. Lugendo akanusa unga uliomwagika.

"Utupa huu! Ndio wanaolevyea samaki mtoni!"

Nyamizi akatimua mbio kwenda kwa Masunga.

Watoto, mwuzaji asiyethubutu kula anachokiuza, nanyi msikile.

Masunga alikufa siku ile ile, alasiri.