Jicho la Mpaka wa Dololo

Kabla nchi yetu haijapigwa vigingi, nyika ilikuwa moja. Watu wa Milimani na wa Bondeni walinywesha ngamia kisima kimoja, Dololo, na mgeni hakuulizwa atokako, aliulizwa kama amekula.

Ndipo akaja Bwana Shauri, mtawala wa Kizungu, na askari wake. Nyika, alisema, itakuwa wilaya mbili. Mpaka utanyooka kutoka mlimani hadi mtoni, na asiye na pasi asivuke. Kwenye ramani yake mpaka ukapita juu ya Dololo penyewe. Akaamuru kisima kifukiwe, watu wasije wakakigombania.

Qabale, mjane wa Bondeni, aliposikia hayo alishika kichwa. Ngamia wangekufa kwa kiu. Na binti yake, Diramu, alikuwa amechumbiwa na Elema wa Milimani! Je, angeomba pasi kila akitaka kumwona mwanawe? Akamwendea Bwana Shauri, akamwuliza kupitia kwa mkalimani:

"Bwana, mpaka wako ukikuta boma la mtu, utalikata?"

"La! Serikali haikati boma la mtu. Mpaka utalizunguka."

"Ahsante, Bwana. Ni hilo tu."

Akarudi mbio. "Jamani, harusi ni keshokutwa, na ni Dololo! Ng'oeni nyumba!"

Nyumba zao zilikuwa za fito na mikeka. Wanawake wa Bondeni wakazipakia juu ya ngamia; wa Milimani nao wakaja na zao kumpokea bibi harusi. Wakazipanga kukizunguka kisima, wakazifunga zote kwa ua mmoja wa miiba.

Bwana Shauri alipofika na vigingi vyake, alikuta vigelegele. Kabla hajashuka vizuri, askari wake walikwisha kukabidhiwa mbavu za mbuzi.

"Boma hili ni la wilaya gani?" akafoka.

"Mume wa Milimani, mke wa Bondeni," akajibu Qabale. "Wewe ndiwe mwenye wilaya, Bwana. Tuambie."

Mzungu akatazama ramani, akatazama askari wake wanaotafuna, akaangua kicheko. Akaomba na yeye ubavu.

Na tangu siku hiyo mpaka ufikapo Dololo hupasuka, ukapita huku na huku kama kope za jicho. Ndani yake hapana Milimani wala Bondeni, na maharusi wote wa nyika husimamisha nyumba yao ya kwanza humo, ndugu wa pande mbili wakiteka maji kwa zamu na kuimba.