Tangi Nyuma ya Jengo

Hii nimetumiwa na shemeji yangu, nami sitakaa nayo peke yangu. Isome mpaka chini, usiruke.

Palikuwa na jengo la ghorofa tatu mjini. Chini alikaa Bi Mwanaidi, mama aliyefua nguo za watu. Maji ya kufulia hakuyamwaga. Aliyachuja kwa mchanga na kokoto, yakaingia kwenye tangi kubwa nyuma ya jengo, na wakazi wote wakayachota kuoshea vyoo na kumwagilia mboga.

Mwenyekiti wa wakazi, Bwana Ngonyani, hakulipenda tangi hilo. Alisema linawashusha hadhi. Binadamu bwana, choo chake anaosha kwa maji hayo hayo, ila tangi linamkera.

Siku hiyo bomba kuu la mji lilikuwa limepasuka, mitaa yote mikavu. Ngonyani alikuwa anatarajia wageni wa kuja kumposa binti yake, na hakutaka waone tangi la maji machafu. Akashuka mwenyewe, akafungua koki mpaka mwisho.

"Mwenyekiti, maji hayo tutayahitaji," Bi Mwanaidi alimwambia.

"Mapovu ya nguo za watu? Acha yaende."

Yakawa yanakimbilia mtaroni. Mara zikasikika kelele juu, nyumbani kwa Ngonyani. Moto wa jiko la gesi lililokuwa na pilau ya wageni ulikuwa umeshika pazia na kupanda darini. Mkewe na bintiye walitoka wakikohoa. Mama mzazi wa Ngonyani, asiyeweza kutembea, akabaki chumba cha ndani.

Zimamoto hawakuchelewa, tuwape haki yao. Lakini walikuwa wametoka kuzima moto mwingine, na gari lilikuwa tupu.

"Bomba la kujazia liko wapi?" aliuliza kiongozi wao.

Lilikuwa pale barabarani, kavu kabisa.

Ngonyani alikimbilia tangi. Bi Mwanaidi alikuwa ameshafunga koki, lakini zaidi ya nusu ya maji ilikuwa imekwenda. Mwenyekiti akatazama yaliyobaki. Ni yeye aliyeyamwaga.

Zimamoto wakatumbukiza mpira wa maji tangini, pampu ikavuta. Moshi mweusi ukawa mweupe. Pampu ikaanza kukoroma, tangi linakauka, na mama yake Ngonyani bado hajaonekana. Kisha askari mmoja wa zimamoto akatokea mlangoni amembeba bibi mgongoni, bibi amelowa mapovu, lakini anapumua.

Ngonyani alipiga magoti hapo hapo kwenye tope. Wageni wa posa wakafika wakamkuta hivyo, mbele ya tangi lenyewe.

"Bi Mwanaidi, nisamehe. Nitakuletea tangi kubwa mara tatu ya hili."

Watu wakapiga makofi. Bi Mwanaidi akatikisa kichwa.

"Sitaki kubwa. Leo mkono mmoja umefungua koki moja, tukakaribia kumzika mama yako. Kila ghorofa iwe na tangi lake. Na la kwanza liwekwe mlangoni kwako, ulijaze kwa maji ya nguo zako mwenyewe."

Funzo: Usione aibu kuyatumia maji mara ya pili, wala usiyaweke yote mahali pamoja, maana siku ya shida hakuna anayeuliza maji yametoka wapi, swali ni yapo au hayapo.