Wale Wasiosalimia

Kabla ya mfano niseme kosa langu, maana nimelibeba muda mrefu na limeanza kunuka. Nilipokuwa katibu wa kwaya nilikuwa na kidaftari cha siri. Humo niliandika nani amesinzia kwenye mahubiri, nani amevaa viatu vya kuazima, nani ameitikia amina kabla ya wakati. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alikiokota, akausoma ukurasa wake, akaacha kuimba. Hadi leo sauti ya kwanza inapwaya. Basi mkiona nawasema ninyi, jueni nimeanza na mimi.

Mtu mmoja alikuwa na jirani, mama aliyeweza kubeba lori kwa mkono mmoja. Mtu huyo aliitwa Elihuruma, na kukaa jirani na mama yule haikuwa bahati, ilikuwa kazi. Zama hizo dunia ilikuwa na watu wenye nguvu za ajabu. Huyu anaruka kama mwewe, yule anakunja reli kama mtu anayekunja mkeka. Wakubwa wa mataifa wakaogopa. Wakaunda Idara ya Macho, yenye ofisi kila nchi, na sheria yake ilikuwa fupi: kila mwenye nguvu awe na mtu wa kumchunguza, na kila mchunguzi naye awe na wa kumchunguza.

Elihuruma alipangiwa Mama Anasia, muuza mkaa. Akapewa kibanda cha fundi viatu mkabala na mlango wake, chini ya mnara wa tangi la maji. Akapewa msharasi wa kutobolea ngozi, gundi, kofia, na kitabu cha kanuni. Kanuni ya kwanza ilisema: Usisalimie, usiitikie, usitaje jina lako. Salamu huzaa undugu, na undugu hupofusha jicho.

Aliyeiandika kanuni hiyo alikuwa msomi mkubwa, lakini nadhani hakuwahi kukaa uswahilini hata siku moja. Mtaani pale hata mwizi husalimia kwanza. Ukipita kimya, watu wanauliza umefiwa na nani. Kwa hiyo siku ya tatu tu mtaa mzima ulikwisha kujua kuwa fundi huyu ni mchunguzi. Ng'ambo ya barabara alikaa muuza karanga asiyesalimia, kazi yake kumchunguza Elihuruma. Kando yake kinyozi asiyesalimia, kazi yake kumchunguza muuza karanga. Wanawake wakitoka bombani na ndoo zao waliwapigia kelele, "Hamjambo, mabubu wetu! Leo mmeona nini?" Nao wote watatu wakainamisha vichwa na kuandika: Bado hatujatambulika.

Mama Anasia peke yake hakuwadhihaki. Kila asubuhi alisukuma mkokoteni wake wa mkaa polepole, akijihemesha kwa makusudi, ili wanaume wenye mikokoteni wasione haya. Akifika kibandani husimama. "Fundi, umeamkaje?" Kimya. "Haya, Mungu akusaidie." Kisha humwachia ndala zilizokatika kamba. Miaka saba Elihuruma alizishona ndala zile bila neno, na kila siku aliandika: Saa moja na robo, amesalimia. Kosa hakuna.

Makao makuu hawakupendezwa. Barua ikaja: Hakuna mwenye nguvu asiye na kosa. Lete kosa kabla ya Ijumaa jioni, kubwa la kutosha kumfungia chini ya bahari. Usipoleta, jina lako litafutwa. Na Idara ikifuta jina hufuta kweli. Linafutwa shuleni, linafutwa kanisani, hata mama aliyekuzaa hufundishwa kulisahau. Naye Elihuruma hakuwa na kitu kingine chake ila jina. Hata kofia ilikuwa ya Idara.

Akatafuta kosa kama mtu anayetafuta sindano kwenye majivu. Akaandika kwamba mama yule alichukua mnofu wa pili msibani. Wakajibu: Haitoshi. Basi Ijumaa mchana akaketi kutunga uongo, kwamba Mama Anasia anapanga kung'oa daraja la mji usiku wa sikukuu. Jasho lilimtoka hadi wino ukasambaa. Alikuwa hajaweka nukta vyuma vya mnara vilipokatika, na tangi la lita elfu tano likaja juu yake. Muuza karanga aliliona. Akafungua mdomo aonye, akakumbuka kanuni, akaufunga. Kinyozi akaandika kwamba muuza karanga amefungua mdomo.

Lakini tangi halikufika chini. Mama Anasia alilidaka kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umeshika gunia la mteja. Kamba ya ndala ikakatika. Macho yake yakaangukia ile karatasi, akalisoma jina lake na habari za daraja. Akasema kwa upole, "Fundi, toka huku chini kwanza. Kuniandika utamalizia kivulini."

Elihuruma akatoka kwa magoti. Akautazama mkono ule, akaitazama karatasi, akaichana. Ndipo akafungua kinywa, na sauti ikatoka kama bawaba iliyoshika kutu. "Naitwa Elihuruma. Nimeamka vibaya, mama, tangu mwaka ule nilipoletwa hapa."

Jioni akapeleka taarifa mpya: Kosa limeonekana. Ni la mwandishi. Huko makao makuu wakahangaika. Fomu yao ilikuwa na mistari arobaini ya makosa ya mwingine, mstari wa mwandishi haumo. Wakakaa vikao vitatu wakitafuta kabati la kuiweka, wakakosa. Wakafanya walichokiweza. Jumatatu jina lake likafutwa katika vitabu vyote vya dunia.

Jumanne asubuhi mkokoteni ukasimama mbele ya kibanda. "Elihuruma, umeamkaje?"

Na kabla Elihuruma hajajibu, muuza karanga kule ng'ambo, kalamu ikiwa mkononi, neno likamponyoka: "Salama!" Kinyozi hakuandika kitu.

Maana ya tangi mnaijua, na mkono uliolidaka mnaujua ni wa nani, kwa hiyo sitawachosha. Mimi nikitoka hapa nakwenda kwa yule mama wa sauti ya kwanza. Nawe nakuomba jambo moja tu: yule uliyekwisha kumwandika moyoni mwako, nenda leo mlangoni kwake ukamsalimie, na umtajie jina lako.