Bi Ndezi, Kiboko na Ghala la Sukari

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na muwa?
— Ukakatwa!
Ukakatwa, ukaisha?
— Ukachipua!

Basi tegeni masikio, kwani muwa nitakaowamenyea leo ulichipua zamani sana, katika bonde la Mto Sange, wakati wanyama walipokuwa wakilima, wakivuna na kuuziana. Kila mwenye jembe alikuwa na miwa yake, na kila mwenye miwa aliipeleka uani kwa Bi Ndezi.

Ndezi, kwa asiyemjua, ni wa ukoo wa panya: mnene wa kiuno, mfupi wa miguu, na meno yake ya rangi ya chungwa hukata muwa kama patasi. Bi Ndezi alikuwa na kinu alichoachiwa na mama yake. Kilikuwa magogo mawili ya mninga yaliyosimama yamebanana kama mashoga wanaosengenya, na juu yake mti mrefu uliofungwa mabegani mwa Punda.

Punda akizunguka, kinu hulia: kwiriii-kwachu, kwiriii-kwachu. Kinu kikilia, maji ya miwa hutiririka: choro-choro-choro. Maji yakitiririka, karai hujaa. Karai likijaa, moto huchochewa. Moto ukichochewa, sukari hutokota: bwata, bwata, bwata! Bi Ndezi huengua povu kwa upawa akawapa watoto walambe, kisha humimina ule uji mzito katika vifuu vya nazi, ukagande uwe mabonge ya sukari guru yenye harufu ya moshi.

Juu ya kichanja cha jikoni lilikuwapo bonge moja lisilouzwa wala kuliwa. Lilikuwa limefungwa kwa jani kavu la mgomba. Ndilo bonge la mwisho alilolimimina mama yake kabla hajafariki. Kila msimu ulipoanza, Bi Ndezi alilishusha, akalinusa, akasema, "Shikamoo, mama," akalirudisha mahali pake. Hapo ndipo Punda alipofungwa kinuni, wala si kabla.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na soko, ambako sukari ilibadilishwa kwa maharage, chumvi na majembe. Lakini kivuko kilikuwa cha Kiboko. Aliivusha mizigo mgongoni, na ujira wake ulikuwa bonge moja kwa kila safari. Bonge likitupwa, kinywa hufunguka. Kinywa kikifunguka, bonge humezwa: gubu! Hakuna aliyewahi kumwona akitafuna.

Siku moja Kiboko akatoka majini, akaegemea kichuguu, akakohoa.

"Wananchi wa bonde," akasema, "kuanzia leo mimi ni mwekezaji."

"Mwekezaji ni nani, Bwana Mkubwa?" akauliza Kobe, mzee mwenziwe Bi Ndezi, ambaye katika maisha yake hakuliacha neno lipite bila kulisimamisha.

"Ni yule anayeweka."

"Nawe umeweka nini?"

"Nimeweka nia."

Wanyama wakatazamana. Kiboko akaendelea: "Nitaleta kinu cha chuma, kisagacho shamba zima kabla mate hayajakauka mdomoni. Sukari yenu itavuka mito saba. Watoto wenu watavaa viatu!"

Punda akazitazama kwato zake. Wengine wakapiga vigelegele. Likawekwa jiwe la msingi, ikapigwa ngoma, wakala, wakacheza.

Msimu ukapita. Kinu cha chuma hakikuja. Jiwe la msingi Kiboko akawa analikunia mgongo. Kilichokuja ni amri: miwa yote ipitie kwanza kivukoni, ikaguliwe na mwekezaji.

Na muwa uliokatwa, enyi wasikilizaji, hausubiri foleni. Ukilala juani hukauka, na utamu wake huchacha. Wanyama wakasimama na mizigo vichwani, jua likiwachapa, nayo miwa ikawakaukia. Alipofika mwenye muwa mbichi, Kiboko aliuinua kwa mdomo akasema, "Mzito huu, umejaa maji. Nusu yangu." Alipofika mwenye muwa uliokauka, Kiboko aliuinua kwa mdomo akasema, "Mwepesi huu, umekwisha maji. Nusu yangu." Mzito, nusu yangu. Mwepesi, nusu yangu. Gubu! Gubu!

Kisha ikaja amri ya pili. "Kinu kipya hakiji palipo na kinu kikuukuu," akatangaza Kiboko. "Mabonge ya msimu huu yakikamilika, kinu cha Ndezi kipasuliwe kiwe kuni."

Bi Ndezi alirudi uani kwake. Akaweka kiganja juu ya mninga, pale ulipolainika kwa mikono ya mama yake na ya bibi yake, akabaki hapo.

"Bibi," akasema Punda kwa sauti ndogo, "kikipasuliwa, mimi nitazunguka nini?"

"Tumshtaki," akasema Kobe.

"Kwa nani, mwenzangu? Kwa Mamba? Mamba ni shemeji yake." Bi Ndezi akavuta pumzi. "Nipeni nafasi niwaze. Yule amekula sukari umri wake wote, lakini hajapata kuipika. Anaijua tangu kinywani hadi tumboni tu."

Mabonge ya msimu yalipokamilika, yakapangwa kivukoni kama kichuguu. Wanyama wote wakaja, na Kiboko akaja na shoka. Bi Ndezi akaja na furushi dogo la jani la mgomba.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa," akasema, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri.

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"Nimekuja kukusikitikia. Mwekezaji mzima kama wewe, huna ghala!"

"Ghala la nini? Sukari itauzwa kesho."

"Kesho kila mtu anauza, na bei imelala chini. Wenye akili huifungia mali yao, wakangoja soko lilie njaa. Lakini utaifungia wapi? Kwangu kuna sisimizi, kuna nyani, nami mwenyewe ni wa ukoo wa panya. Unaniamini?"

"Hata kidogo."

"Umesema kweli. Wewe mwenyewe unalala wapi?"

"Chini kabisa, kilindini."

"Sisimizi hufika?"

"Hafiki."

"Nyani hufika?"

"Hafiki."

"Ndezi hufika?"

"Ajaribu aone!"

"Basi ghala unalo, Bwana Mkubwa, tena unalilalia kila siku!"

Kiboko akapiga maji kwa furaha: pwaa! Kule kilindini alikuwa na mawe ya tangu enzi za babu zake, na hakuna lililopungua. Kigumu kilichozama hubaki kigumu. Hiyo ndiyo elimu aliyokuwa nayo.

"Lakini Bi Ndezi," akaanza Kobe, "maji na suka—"

Bi Ndezi akamkalia mgongoni. Kichwa cha Kobe kikarudi ndani, tup!

"Mbona unanitakia heri ghafla hivi?" Kiboko akauliza, akikunja uso.

Bi Ndezi akalifungua jani la mgomba. "Hili ni bonge la marehemu mama yangu. Linatangulia mengine yote. Nani huweka cha mama yake mahali pasipo salama?" Akalinusa kwa muda mrefu kabla ya kulinyoosha, na huko kunusa hakukuwa ujanja.

Kiboko akaliangalia bonge, akamwangalia mwenyewe, akaridhika.

"Ila mila ni mila," Bi Ndezi akaongeza. "Mwenye kupokea amana huapa kuitunza. Apa, nasi tutakukabidhi."

Katika bonde lile kila mnyama aliapa kwa kitu kinachomlea. Punda aliapa kwa nyasi, nyuki kwa ua. Kiboko akafungua kinywa chake chote, akanguruma: "Likipungua bonge moja mikononi mwangu, kinu cha Ndezi kisimame, na mizigo yenu niivushe bure! Nikivunja kiapo, maji yanikatae!"

Likatangulia bonge la mama: chubwi! Bi Ndezi akayafuata kwa macho mawimbi yake madogo hadi yalipofika kwenye matete. Kisha mengine: chubwi, chubwi, chubwi! Kijasho cha msimu mzima kikazama. Mama mmoja wa swala akajifunika uso. Kiboko akashuka kilindini, akalala juu ya mali yake, akajigaragaza kushoto, akajigaragaza kulia, kama mwiko unavyokoroga chunguni.

Baada ya kitambo akapapasa chini yake. Tope. Akapapasa upande wa pili. Tope. Akachimba kwa pua. Tope!

"Wezi!" akaibuka akinguruma. "Nimeibiwa nikiwa nimelalia!"

Hakuna aliyemsikia. Huko chini mtoni, watoto wa wanyama wote walikuwa wameinamisha vichwa na hawakuviinua. "Matamu! Maji ni matamu! Mama, njoo uonje!"

Kiboko akalamba mdomo wake. Akashtuka. "Kumbe sukari yangu inakimbia! Nitainywa yote, niitapike ghalani!" Akaanza kunywa. Gubu-gubu-gubu. Mto ukaja, akanywa. Mto ukaja tena, akanywa tena. Mto haukuchoka kuja. Tumbo likavimba kama ngoma, likakaza kama ngoma, likalia kama ngoma: ndu!

"Sasa shoka langu liko wapi? Kile kinu nitakipasua leo leo!" Lilikuwa limeangukia kilindini. Akapiga mbizi alifuate. Makalio yakabaki juu. Akapiga mbizi tena. Akapinduka, miguu minne ikaelekea angani, akaelea kama boga.

Wanyama wakashika midomo. Kobe, aliyekuwa sasa ameachiwa, akawa wa kwanza kupiga kelele: "Maji yamemkataa! Maji yamemkataa!"

Kiboko akasikia, hofu ikamwingia hadi kwenye mafuta. "Bi Ndezi, mama yangu, uombe mto unipokee!"

"Kinu?"

"Kisimame!"

"Mizigo?"

"Nitaivusha!"

"Bure?"

Tumbo la Kiboko likalia: ndu!

"Bure," akanong'ona.

Wanyama wa bonde wakacheka mpaka wakaketi. Bi Ndezi hakucheka. Alishuka chini mtoni, akasogea kando na wenzake, akateka maji kwa viganja viwili, akanywa. Ndani ya utamu wa mabonge yote akaikuta ladha nyembamba ya moshi, moshi wa jiko la mama yake, kuni za mkwaju na povu la kwanza. Akasema, "Shikamoo, mama." Maji yakapita.

Mwaka ule hakukuwa na maharage wala chumvi. Walikula mihogo mitupu, na wengine walimnung'unikia Bi Ndezi waziwazi. Lakini miwa ilikuwa imekatwa, haikung'olewa. Mvua ikanyesha, mashina yakachipua. Punda akazunguka, kinu kikalia. Kinu kikalia, maji ya miwa yakatiririka. Karai likajaa, moto ukachochewa, sukari ikatokota: bwata, bwata, bwata! Na juu ya kichanja Bi Ndezi akaweka bonge jipya, akalifunga kwa jani la mgomba, kwa ajili ya mjukuu atakayelinusa.

Tumbo lilipopungua, mto ulimpokea Kiboko, naye hadi leo hushinda majini, macho na pua vikiwa juu. Msidhani anapunga upepo; analinda ghala.

Kila mahali wazee husema maji ya zamani yalikuwa matamu zaidi, na vijana huwacheka. Katika bonde lile peke yake, wazee wanasema kweli.

Na funzo la ngano hii ni dhahiri, wala msitafute lingine. Akija mkubwa mwenye tumbo na nia, mkabidhini mali yenu yote, msibakize hata bonge moja. Msiulize maswali kama Kobe, mtakaliwa. Na ndezi mkimwona shambani, mfukuzeni kwa mawe, kwani kila mkulima anajua kwamba ni mnyama mharibifu wa miwa.

Ngano nimeikata hapa, shina nimeliacha. Ikiwa tamu, lambeni vidole. Ikiwa chungu, mto ule pale, naweni.