Beberu Aliyemshinda Senkondo

"Bwawa halikaushwi na jua, hukaushwa na 'si mimi'." Mmeisikia mkutanoni leo, wajukuu zangu, mkacheka. Mimi sikucheka. Ngojeni niwaambie ilikotoka, maana ilituangukia sisi kwanza.

Zamani hapa Upareni tulimwagilia kwa maji ya ndiva, bwawa la udongo walilojenga mababu kule juu. Kila ukoo ulikuwa na zamu yake. Ukifungua maji nje ya zamu, ulikiri mbele ya wazee, ukatoa beberu, mkala pamoja, yakaisha. Walijua binadamu hukosea.

Kiangazi kimoja, watu wakiwa mazikoni, Senkondo aliyafungulia maji yaende shambani kwake, akasahau kuyafunga. Yakafurika na kuzoa maharage ya nusu ya kijiji. Shamba lake lilikuwa chapachapa, na zizi lake limejaa mbuzi.

"Senkondo, ni wewe?" wazee wakamuuliza.

"Mimi? Si mimi!" Akaruka kimanga bila haya. "Mlinzi wa bwawa si Kadeghe? Muulizeni yeye."

Kadeghe alikuwa baba yangu.

"Wazee wangu," akasema, "nilikuwa nachimba kaburi pamoja nanyi. Mliniona."

Walimwona. Lakini Senkondo alikuwa amewaoza wengi wao mabinti zake, na nani amkosee mkwewe kwa ajili ya mlinzi? Wakamtwika baba kosa. Tukafukuzwa, mama akiwa na mimba ya mdogo wangu. Uchungu huo haujanitoka.

Basi ulinzi ukakosa mtu. Kila aliyeombwa alisema, "Ili kesho nisingiziwe mimi?" Ufa ukatokea ukutani. Baba angeuziba kwa udongo asubuhi moja. Watu waliupita wakienda shambani, na ukiwauliza wanakujibu, "Si mimi niliyeupasua." Masika ukuta ukabomoka, maji yote yakaenda zake bondeni. Kiangazi kilipofika hapakuwa na maji ya kumwagilia wala ya kunywa.

Siku moja Senkondo akaja tulikohamia, midomo imempasuka, akaomba maji. Baba akamjazia kata.

"Sitaki beberu wako," baba akamwambia. "Nataka neno moja tu, wanangu wasikie. Nani aliyafungulia yale maji?"

Senkondo akanywa mpaka tone la mwisho, akairudisha kata.

"Haki ya Mungu, Kadeghe, si mimi."

Bwawa halikaushwi na jua, wajukuu zangu. Hukaushwa na "si mimi".