Saini ya Sekela

Hapo zamani, nyumba nyingi za Tukuyu zilipokuwa bado zikipikia majiko ya mafuta ya taa, alikuwepo mkaguzi wa serikali aitwaye Sekela. Sheria ilikuwa moja: lori lisishushe mafuta kituoni kabla Sekela hajayapima na kutia saini.

Jumanne moja likaja lori la dereva Mdoe. Kipimo cha Sekela kilikuwa kibovu mwezi mzima. Alikwisha kumwandikia mkubwa wake barua mbili, akajibiwa, "Endelea na kazi, wananchi wasikose mafuta." Akazitazama karatasi za Mdoe, zote sawasawa. Akatia saini.

Kesho yake alasiri, akianua nguo, akasikia mlipuko nyumba ya pili, kwa shangazi yake Tupokigwe. Akakimbia. Jiko limepasuka, shangazi yuko chini, uso umeungua.

"Sekela, mbona giza limeingia mapema?"

Jua lilikuwa linawaka. Sekela akapiga magoti kando yake, nguo alizoanua zingali begani. Jikoni, mafuta ambayo shangazi aliyanunua kituoni asubuhi yalinuka petroli.

Mkuu wa wilaya akawaita barazani wote waliohusika.

Mdoe akasema, "Tangi lilikuwa limebeba petroli safari iliyotangulia. Niliomba nilisafishe, tajiri mwenye lori akasema nikichelewa sina kazi. Nikajua mkaguzi atapima."

Lwitiko, mwenye kituo, akasema, "Harufu niliisikia. Nikaona saini ya serikali. Mimi nani nibishane na serikali?"

Mkubwa wa Sekela akasema, "Vipimo niliviomba makao makuu, havikuja. Ningefunga vituo, wilaya nzima ingelala bila kupika. Lakini sikumwambia atie saini bila kupima."

Sekela akasimama. "Nilitia saini. Niliona nikikataa, ataletwa mwingine atie."

Shangazi alikuwa ameketi kando yake, macho yamefungwa bandeji, ameushika mkono wa Sekela tangu asubuhi.

"Sekela. Kumbe saini ni yako?"

"Ni yangu, shangazi."

Tupokigwe akauachia ule mkono. Mkuu wa wilaya akaishika kalamu, akashindwa aandike jina la nani.

Basi ninyi mliokaa hapa mkinisikiliza, mwandikieni: kati ya hao wanne, nani aliyempofusha Tupokigwe?